Kuku Akiugua Ghafla, Weka Kisu na Kidonge Chini

Kuku wa nyumbani akionekana ameugua ghafla, kaya nyingi katika nchi zetu huchukua moja kati ya hatua tatu. Ama humchinja kabla hajafa, ama humuuza kwa mchuuzi anayepita na baiskeli, ama humkorogea dawa yoyote iliyopo ndani, iwe ya mifugo au ya watu. Kila hatua ina mantiki yake, na si haki kuwacheka wanaoichukua, kwa sababu kuku kwa mama wa nyumbani ni akiba inayotembea uani: ndiye ada ya shule, ndiye kitoweo cha mgeni, ndiye nauli ya kwenda hospitali. Hata hivyo nadai kwamba zote tatu huja mapema mno, na kwamba kwa kuja mapema ndizo zinazougeuza ugonjwa wa kuku mmoja kuwa msiba wa mtaa mzima. Kuku aliyeugua ghafla anahitaji kwanza kutengwa, kisha kutazamwa kwa makini, kisha habari zake kumfikia mtu mwenye ujuzi. Kisu, soko na kidonge vingoje.

Tuanze na huo ughafla wenyewe, maana mara nyingi si ghafla kama tunavyodhani. Kuku ni ndege anayewindwa. Akionyesha udhaifu, mwewe humwona kwanza, na hata kuku wenzake humdonoa na kumfukuza kwenye chakula. Kwa hiyo hujikaza, hufuata kundi, hujifanya anachakura, na siku anapojikunyata pembeni hadharani ujue ameshaumwa kwa muda. Anayemfahamu kuku wake huziona dalili za awali zikiwa bado ndogo: aliyezoea kutoka bandani wa kwanza anatoka wa mwisho, mtama unamwagwa naye anautazama tu, upanga wake wa kichwani uliokuwa mwekundu umepauka au umeingia weusi wa zambarau, mkia umeshuka, mabawa yananing'inia, manyoya yametimka mchana wa jua kali kana kwamba anasikia baridi. Kinyesi nacho kina habari nyingi kuliko tunavyokubali. Cha kawaida kina umbo na kofia nyeupe juu yake. Kikiwa majimaji ya kijani, au cheupe kama chokaa kinachogandia kwenye manyoya ya nyuma, au kina damu, kuna jambo. Dakika mbili za kuwatazama kuku asubuhi wanapofunguliwa zinamfaa mfugaji kuliko mkoba wa dawa, na hazilipiwi.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza la kihoja: kudhani dalili moja inataja ugonjwa mmoja. Kuhara kijani huonekana katika mdondo, ambao wengine huuita kideri, lakini pia huonekana katika homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku, na hata kuku ambaye hajala kwa siku nzima hutoa kinyesi cha kijani kwa sababu nyongo inapita kwenye utumbo mtupu. Kuhema mdomo wazi kunaweza kuwa mafua, kunaweza kuwa mdondo, na saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari kunaweza kuwa joto tu. Kuku mmoja anayesimama wima, mkia chini, akijikamua bila kutoa kitu, huenda yai limemkwama, naye hahitaji dawa ya maambukizi hata chembe. Anahitaji sehemu yenye utulivu, maji ya uvuguvugu ya kukalishwa ndani yake, na mtu asiyembana tumbo kwa nguvu, maana yai likipasukia ndani hali huwa mbaya zaidi. Kuku ambaye asubuhi, kabla ya kula, mfuko wa chakula pale chini ya shingo bado umejaa na ni mgumu, ameziba. Huyo huenda amemeza kamba, nyasi ndefu au plastiki. Na wapo wanaodondoka baada ya kula panya aliyekufa kwa sumu au mbegu za shambani zilizotiwa dawa. Magonjwa haya hayafanani kwa asili wala kwa tiba, ila yote siku ya kwanza yana sura moja, ya kuku aliyezubaa.

Kuna swali moja ambalo linasaidia kuliko mengine yote, nalo halihitaji elimu ya udaktari: je, wenzake wakoje? Kuku mmoja akiugua na wiki mbili zikapita bila mwingine kuonyesha chochote, yaelekea tatizo ni la mwili wake mwenyewe. Wakiugua wawili au watatu ndani ya siku moja au mbili, chukulia ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini swali hilo haliwezi kujibiwa kama kuku wa kwanza ameshaliwa, au ameshauzwa, au amebaki bandani akichangia chombo cha maji na wenzake. Kumtenga humpa mfugaji muda wa kupata jibu, na wakati huohuo huwakinga waliobaki ikiwa jibu lenyewe ni baya. Si lazima pawe na chumba maalumu. Tenga lililofunikwa chini ya mwembe upande wa pili wa nyumba linatosha, liwe na maji safi na kivuli, na mhudumu awalishe wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono na kubadili ndala. Ni taratibu ndogo, na wengi huzipuuza kwa sababu hazifanani na tiba.

Uzito wa jambo unaonekana ukiutazama mdondo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, ambao umeupa jina lake la kimataifa, na miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha kufika Kenya. Husababishwa na virusi. Kwa kawaida dalili huanza siku tano au sita baada ya kuku kuambukizwa, lakini muda huo unaweza kuwa siku mbili tu au kufika 15, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa kuku aliyenunuliwa gulioni akiwa mchangamfu anaweza kuwa ameubeba tayari. Kisha mambo hufuatana upesi: kukoroma, kuhara, kupooza mguu au bawa, shingo kupinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni, na kufa. Kundi ambalo halijachanjwa, likivamiwa na aina kali ya kirusi hiki, linaweza kuteketea lote kwa wiki moja. Hakuna dawa inayoutibu, jambo ambalo wauza dawa za mifugo wanalijua vyema hata kama si wote wanaolitamka mbele ya mteja mwenye fedha mkononi.

Sasa nijibu pingamizi, nikianza na lile lenye nguvu zaidi, la kisu. Watu husema: kuku atakufa tu, na akifa bila kuchinjwa ni kibudu, Mwislamu hawezi kumla, na hata asiye Mwislamu hataki mzoga. Kumwacha afe ni kutupa nyama ambayo watoto wa nyumba ile huenda hawajaionja mwezi mzima. Pingamizi hili nalikubali zaidi ya nusu. Ni kweli kwamba kirusi cha mdondo hufa kwa moto wa kupikia, na kwa binadamu kwa kawaida hakileti zaidi ya macho mekundu ya siku chache. Lakini mdondo hautambulikani kwa macho siku ya kwanza, na miongoni mwa magonjwa yanayoua kuku ghafla yamo mafua makali ya ndege. Mwaka 1997 huko Hong Kong watu 18 waliambukizwa kirusi cha mafua hayo, H5N1, na sita wakafa, na tangu hapo katika nchi mbalimbali waathirika wengi wamekuwa watu waliowashika, kuwachinja au kuwanyonyoa kuku wagonjwa kwa mikono mitupu nyumbani. Hatari kubwa ipo katika kushika, kabla chungu hakijafika jikoni. Nasi hatuko mbali na habari hizo: Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kwenye mwambao wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na Kenya ikafunga mpaka wake kwa kuku kutoka huko.

Na tuseme ni mdondo kweli. Nyama imepikwa ikaiva, familia imekula, hakuna aliyeumwa. Vipi damu iliyomwagwa uani? Vipi utumbo uliotupwa nyuma ya nyumba ukaburutwa na mbwa hadi kwa jirani, na manyoya yaliyopeperushwa? Kirusi kimo mote humo. Mwenye nyumba amepata chungu kimoja cha mchuzi, na kata imepata mlipuko. Kwa hiyo palipo na kuku mmoja tu mwenye tatizo linaloeleweka, kama mguu uliovunjika au yai lililokwama, na hakupewa dawa yoyote, uamuzi wa kuchinja ni wa mwenye kuku. Palipo na wawili wagonjwa kwa mpigo, au aliyekufa bila sababu kujulikana, mahali pao ni shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au moto. Nyama hiyo inauma kuikosa, lakini kuku wanaobaki hai bandani ndio kitoweo cha miezi ijayo.

Kuhusu kuuza sitakuwa mpole hivyo. Wimbi la mdondo likianza kijijini, bei ya kuku huporomoka asubuhi moja, kwa sababu kila mtu anakimbiza wake kabla hawajafa, na wachuuzi hununua kwa bei ya kutupa. Matenga yanapakiwa juu ya basi, kuku wa Singida na Dodoma wanaamkia soko la Shekilango jijini Dar es Salaam, wamebanana wazima kwa wagonjwa, na njiani wameshushwa wengine katika miji midogo. Anayemuuzia mwenzake kuku anayejua kuwa anaumwa amemdhulumu mnunuzi, na kisingizio cha umaskini hakimsaidii sana, kwa kuwa mnunuzi naye mara nyingi ni maskini kama yeye. Ni tendo lilelile la kuuza maziwa yaliyoharibika, ila hapa uharibifu una miguu.

Kidonge ndicho kinachonitia wasiwasi wa muda mrefu. Unga wa oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria, unauzwa katika duka la mifugo la kila mji mdogo, bila swali, na usipopatikana hufunguliwa kapsuli ya mtu na kumwagwa ndani ya maji ya kuku. Watetezi wa desturi hii wanasema wameona kuku wakipona. Sina shaka wameona. Homa ya matumbo, kipindupindu cha kuku na mafua ya kawaida ya kuku husababishwa na bakteria, na dawa sahihi kwa kipimo sahihi inaweza kuyatuliza. Wengine hupona wenyewe na sifa ikaenda kwa dawa. Lakini dawa ya bakteria haikigusi kirusi, na kuitumia kila kuku anapozubaa ni kufundisha bakteria waliomo bandani namna ya kuizoea. Bakteria hao hawaishii bandani. Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani, na eneo lililobeba mzigo mzito kupita yote kwa kulinganisha na idadi ya watu lilikuwa Afrika Magharibi. Sehemu kubwa ya usugu huo hutokana na dawa wanazotumia watu wenyewe, hilo lisemwe wazi, lakini mifugo ina fungu lake. Isitoshe, mayai ya kuku aliye kwenye dawa yanaendelea kuokotwa na kukaangwa, na hakuna anayehesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye paketi. Pia shubiri, mwarobaini na pilipili vina watetezi wao. Kumnywesha kuku maji ya shubiri huenda kusimdhuru, na kumfanya anywe maji ni jambo jema. Shida huanza pale shubiri inapochukua nafasi ya kumtenga na ya chanjo.

Wapo watakaosema nazungumza kama mtu wa mjini: daktari wa mifugo yuko wapi, na nani atamlipa kwa ajili ya kuku mmoja ambaye bei yake haifiki hata nauli ya huyo daktari? Hesabu hiyo ni sahihi kwa kuku mmoja, ila haipaswi kufanywa kwa kuku mmoja. Kata nyingi Tanzania zina afisa mifugo, na simu moja kumwambia "kuku watatu wamekufa tangu jana, wanahara kijani, shingo zinapinda" ina thamani kwake kuliko kuku huyo kwa mwenyewe, kwa sababu pengine ni simu ya nne asubuhi hiyo. Palipo na maabara karibu, mzoga uliokufa muda si mrefu, uliofungwa ndani ya mifuko miwili na kuwekwa kwenye baridi bila kugandishwa, unaweza kupasuliwa na kusema kile ambacho kuku hai hakukisema. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina makao yake Temeke na vituo katika kanda, Kenya ina maabara ya Kabete, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kina wataalamu wa tiba ya wanyama. Najua wengi wako mbali na vituo hivyo. Ndiyo maana ya kupeleka habari kwanza: habari husafiri kwa simu hata pale mzoga usipoweza kusafiri.

Lakini hata kumtenga kuku kwa uangalifu wote ni kuchelewa, kama kundi halijachanjwa. Chanjo ya mdondo inayofaa mazingira yetu ipo. Aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kwa nia ya kuzisaidia nchi zenye vijiji visivyo na majokofu, na Tanzania imekuwa ikiizalisha yenyewe. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wanaosema "tulichanja na wakafa" wasidharauliwe, kwa kuwa wanaeleza kitu walichokiona. Mara nyingi kuku walichanjwa ugonjwa ukiwa umeshaingia, na chanjo huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Au chanjo ilichanganywa na maji ya bomba yenye klorini, au ilikaa dirishani juani, maana kustahimili joto si sawa na kutodhurika kabisa. Au waliochanjwa walikuwa nusu, kwa sababu wengine walikuwa juu ya mti. Na mdondo si ugonjwa pekee: kuku aliyechanjwa dhidi yake bado anaweza kufa kwa homa ya matumbo. Kasoro hizo zinadai uchanjaji wa uangalifu zaidi, si kuacha kuchanja.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walimfunga asipotee, lakini mfugaji wa leo ana sababu nyingine ya kuirefusha kamba hiyo hadi wiki mbili, mbali na wenyeji, ili kama amebeba kitu kionekane kwake kabla hakijaonekana kwa wote. Anayedhani kuku wachache wa uani hawawezi kuleta madhara makubwa aitazame California nchini Marekani, ambako mdondo mkali ulizuka Mei 2018 ukianzia kwa kuku waliofugwa majumbani kwa mapenzi na maonyesho, ukaendelea hadi 2020, na ndege zaidi ya milioni moja wakaangamizwa. Nchi yenye maabara, fidia na polisi barabarani ilihitaji miaka miwili. Sisi hatuna uhakika wa fidia ya kuku. Mfugaji anayehofia kuwa akitoa taarifa hatalipwa chochote na huenda akaamriwa kuwaua hata wazima, ana sababu ya kunyamaza, na serikali zinazotaka ukweli kutoka vijijini hazina budi kulitazama hilo bila kukwepa.

Mwaka 2025 Serikali ya Tanzania ilizindua kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo, ambamo kuku wa asili walipangiwa chanjo bila malipo. Ni hatua nzuri, lakini kampeni ya mara moja haimkingi kifaranga atakayeanguliwa mwezi ujao. Halmashauri ziweke tarehe za kudumu, zijulikane kama siku za kliniki ya watoto zinavyojulikana, na zitangulie miezi ya kiangazi na pilikapilika za sikukuu, wakati kuku wanasafiri kuliko wakati mwingine wowote. Wachanjaji wa kijiji, wengi wao wanawake wanaoaminiwa na jirani zao, wapewe mafunzo na ujira kidogo. Ushuru wa kuku unaokusanywa minadani na magulioni ungetosha kuanzia. Nawe msomaji mwenye kuku uani, mpigie afisa mifugo wa kata yako leo na umuulize tone linalofuata ni lini. Na asipokuwa na jibu, mpelekee swali hilohilo diwani.